Yaya ndiye mwalimu wa kwanza

Somo kwa vikundi vya vijana, waalimu na wazazi: ala za muziki wa asili na ujirani mwema katika Kalemie

Somo hili linaweza kufundishwa na kiongozi wa kikundi cha vijana, mwalimu wa shule ya msingi au mzazi yeyote. Halihitaji fedha nyingi. Linahitaji watoto, wakubwa kwa wadogo, ala moja au mbili za muziki, na uwanja wa wazi wa kukaa. Tumeligawa katika mikutano minne ya saa moja na nusu. Kiongozi asome kwanza somo lote peke yake, kisha aamue sehemu zinazofaa kikundi chake.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo, washiriki waweze:
- kueleza jinsi watoto wa nyumba moja wanavyofundishana muziki;
- kutaja mfano mmoja wa muziki uliotenga watu na mfano mmoja wa muziki uliowakutanisha;
- kupiga sauti fupi waliyofundishwa na mtoto wa jamii nyingine;
- kueleza kwa nini muziki peke yake hautoshi kuleta amani.

1. MTOTO HUJIFUNZA KWA NANI?

Hapa Kalemie mtoto humwita kaka au dada yake mkubwa "yaya". Kwingineko Afrika Mashariki neno hilo ni la msichana anayelipwa kulea watoto. Kwetu ni cheo cha nyumbani. Yaya humfundisha mdogo wake kuvuka barabara, kuchota maji, na kuwasalimu wakubwa. Mara nyingi ndiye pia anayemfundisha kupiga muziki. Mdogo hukaa karibu, hutazama vidole vya yaya, kisha hujaribu kwa viganja juu ya bidoni tupu. Hakuna karatasi wala chuo. Kuna sikio, macho, na kurudiarudia.

Lakini tuseme ukweli. Kwa njia hiyo hiyo mtoto hufundishwa mambo mengine. Yaya akisema, "Usicheze na wale wa kambini," mdogo hauulizi sababu. Analipokea neno hilo kama alivyopokea wimbo, kwa sababu limetoka kwa mtu anayempenda. Hofu na dharau ya jirani hazifundishwi sana katika mikutano mikubwa. Hufundishwa nyumbani, kidogo kidogo, na mkubwa kwa mdogo. Basi ujirani mwema nao unaweza kufundishwa kwa njia hiyo.

2. ALA ZETU

Kisanji, ambacho sehemu nyingine za Kongo huitwa likembe, ni ubao au kisanduku kidogo cha mti chenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake. Hupigwa kwa vidole gumba. Chuma kirefu hutoa sauti nzito, chuma kifupi hutoa sauti nyembamba. Mafundi hutumia chuma chochote kinachopatikana: spoku za baiskeli, mbavu za mwavuli ulioharibika, hata misumari iliyopondwa. Ukitaka kurekebisha sauti, sukuma chuma mbele au kivute nyuma kidogo. Kwa sababu ni chepesi na hakina sauti kubwa, mtoto anaweza kujifunza bila kuwasumbua majirani.

Ziko pia ngoma za ngozi, ngoma za gogo lililochimbwa tundu, na zeze lenye kibuyu. Ala za aina hizi si mali ya kabila moja. Hupatikana kwa majina mbalimbali katika jamii nyingi za Kongo.

Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mashine ya kurekodi, alirekodi muziki wa Waluba mwaka 1952 na tena mwaka 1957. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ni jambo jema kwamba sauti za wazee zimehifadhiwa mbali. Lakini mtoto hajifunzi kutoka kabatini. Wimbo ambao hakuna yaya anayeufundisha nyumbani hubaki kwenye kabati hilo tu.

3. JERAHA LETU

Mkoa wa Tanganyika ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, na Kalemie ikawa makao yake makuu. Tayari tangu mwaka 2013 kulikuwa na mapigano kati ya Batwa, ambao wengine huitwa Bambote, na Waluba. Mapigano yaliwaka tena katikati ya mwaka 2016. Kodi iliyotozwa juu ya viwavi vya kuliwa ilikuwa moja ya cheche, lakini kuni zilikuwa zimekusanyika siku nyingi: ardhi, kazi isiyolipwa, na dharau. Vijiji vilichomwa pande zote mbili. Kufikia mwaka 2017 watu zaidi ya 500,000 walikuwa wamekimbia makwao katika mkoa huu, na kambi zikajaa kandokando ya mji wa Kalemie. Mwaka huo huo wajumbe wa pande zote walikutana Kalemie kuzungumzia mapatano, na mabaraza ya amani yakaundwa vijijini.

Watoto wa miaka ile sasa ni vijana. Wengi wao ndio yaya wa nyumba zao. Wanachokumbuka ndicho wanachowafundisha wadogo.

4. KWA NINI TUJIFUNZE KUTOKA AYALANDI?

Ayalandi ni kisiwa kidogo cha mbali, chenye mvua na baridi. Lakini jina la Niemba, kituo cha reli kwenye njia ya kutoka Kalemie kwenda Kabalo, linajulikana huko kuliko miji mingi mikubwa ya Afrika.

Mwaka 1960 Katanga ilijitenga na Kongo. Waluba wengi wa kaskazini walipinga kujitenga huko, na vijiji vyao vikashambuliwa na majandarme wa Katanga waliokuwa na maofisa wa Kizungu. Umoja wa Mataifa ulileta askari wa kulinda amani, miongoni mwao Waayalandi waliokaa hapa Kalemie, wakati huo ukiitwa Albertville. Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ayalandi walikuwa kwenye daraja lililoharibiwa karibu na Niemba. Wapiganaji wa Kiluba waliwashambulia. Askari 9 waliuawa na 2 waliokoka. Waluba nao walikufa hapo. Wengi walioandika habari hiyo wanaona kwamba wapiganaji waliwadhania askari hao kuwa ni wale Wazungu waliokuja kuchoma vijiji. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza kati yao.

Baada ya siku ile, neno "baluba" liliingia katika mazungumzo ya mitaani huko Ayalandi kama tusi, likiwa na maana ya mtu mkali asiye na ustaarabu. Watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye walilitumia bila kujua kwamba ni jina la watu, wenye wafalme, wachonga vinyago na wapiga ngoma.

Kiongozi asimame hapa na kuwauliza washiriki: Mluba akisikia jina la wazee wake limefanywa tusi, anajisikiaje? Kisha aulize swali la pili: Na sisi, jina "Mtwa" tunalitumiaje tunapogombana? Awape muda wa kunyamaza. Asiharakishe majibu.

5. WATOTO WA AYALANDI WANAVYOJIFUNZA

Katika Ayalandi ala ya kwanza ya mtoto mara nyingi ni filimbi ya bati yenye matundu 6, kwa sababu ni rahisi na bei yake ni ndogo. Baadaye mtoto huweza kuchagua fidla, filimbi ya mti, kinubi, akodioni, au zumari za mfuko unaojazwa hewa kwa kiwiko cha mkono. Ipo pia ngoma ya duara iitwayo bodhrán, yenye ngozi upande mmoja, inayopigwa kwa kijiti kifupi.

Kama hapa kwetu, nyimbo nyingi hufundishwa kwa sikio, na nyumba ndiyo shule ya kwanza. Baadhi ya vikundi vya Ayalandi vilivyojulikana duniani vilitoka katika tumbo moja: The Corrs ni kaka na dada zake watatu, na Clannad ilianzishwa na ndugu na wajomba zao.

Kuna wakati watu walihofu kwamba muziki huu ungekufa, kwa sababu vijana waliona ni mambo ya vijijini. Mwaka 1951 wapenzi wa muziki walianzisha chama kiitwacho Comhaltas Ceoltóirí Éireann. Leo kina mamia ya matawi katika nchi mbalimbali. Kila mwaka hufanya tamasha kubwa liitwalo Fleadh Cheoil, ambapo watoto hushindana kulingana na umri, kuanzia wale walio chini ya miaka 12. Mtoto hamsikilizi mwalimu wake tu. Anawasikia wenzake wa rika lake kutoka mbali.

6. NGOZI YA MBUZI, NGOMA MBILI

Tusidhani kwamba muziki wa Ayalandi ulikuwa daima wa amani. Katika Ayalandi ya Kaskazini, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa karibu miaka 30, na watu zaidi ya 3,500 walikufa kabla na baada ya mkataba wa amani wa tarehe 10 Aprili 1998. Katika miaka hiyo, ala uliyobeba mkononi iliweza kuwaonyesha watu wewe ni wa upande gani.

Waprotestanti wengi walikuwa na bendi za filimbi na ngoma kubwa iitwayo Lambeg, yenye upana wa karibu mita moja, ambayo hupigwa kwa fimbo nyembamba na kusikika mbali sana. Hupigwa hasa mwezi wa Julai, katika maandamano ya kukumbuka vita vya mwaka 1690. Kwa mtoto wa Kiprotestanti ile ilikuwa sauti ya sikukuu, ya baba na babu. Kwa mtoto wa Kikatoliki wa mtaa wa pili, ilikuwa sauti ya kumwambia, "Mahali hapa si pako." Na bodhrán nayo ilihesabiwa kuwa ya Wakatoliki.

Lakini ngoma zote mbili huwambwa kwa ngozi ya mbuzi. Zote mbili hulegea kukiwa na unyevu, na mpigaji hutafuta jinsi ya kuikaza ngozi, kama wazee wetu wanavyoisogeza ngoma karibu na moto. Zamani hata vyama vya Wakatoliki vilipiga Lambeg. Na nyimbo nyingi za kuchezea dansi zilijulikana pande zote mbili, wakati mwingine kwa majina tofauti.

Mwaka 2013 tamasha la Fleadh Cheoil lilifanyika kwa mara ya kwanza katika Ayalandi ya Kaskazini, kwenye mji ambao Wakatoliki wengi huuita Derry na Waprotestanti wengi huuita Londonderry. Bendi za filimbi za Waprotestanti nazo zilipiga. Hakuna aliyelazimishwa kuacha ala yake. Kila mmoja alikuja na ya kwake, na mwenzake akaisikiliza. Tuangalie pia tarehe: tamasha hilo lilikuja miaka 15 baada ya mkataba. Kwanza bunduki zilinyamazishwa na mambo ya serikali yakajadiliwa. Muziki ulikuja kusaidia kazi iliyokwisha kuanzwa.

7. HADITHI YA KUJADILI

Hadithi hii imetungwa kwa ajili ya somo. Isomwe kwa sauti.

Msichana wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 8 wanakaa na mama yao pembeni mwa Kalemie. Ni Waluba. Nyumba yao ya kijijini ilichomwa, na mjomba wao hakuonekana tena. Karibu na njia ya sokoni anakaa mzee wa Kitwa anayetengeneza visanji. Yeye naye alizika watoto wawili wakati ule. Kila wakirudi kutoka sokoni watoto husimama kumsikiliza. Siku moja mzee anampa msichana kisanji ashike, na kumwonyesha vyuma vitatu vya kuanzia. Usiku msichana anampigia mdogo wake mgongoni kwa vidole, apate kushika mwendo wa wimbo.

Mama anagundua. Anakasirika. "Mmesahau mjomba wenu?"

Mdogo analia. Msichana anajibu kwa heshima, "Mama, sijasahau. Lakini mzee yule hakuja kwetu na moto. Mimi nilimkuta na kisanji."

Mama hanyamazi mara moja. Siku mbili hazungumzi habari hiyo. Siku ya tatu anasema, "Kama mnataka kujifunza, msijifunze kwa kujificha. Mwambieni aje hapa uani, nikae nimwone. Na asije mikono mitupu akaondoka mikono mitupu. Atakula, na nitamlipa."

Mzee anakuja. Anakaa mbali na mlango. Mama anamsalimu, "Jambo, mzee." Anajibu, "Jambo, mama." Siku ile hawasemi mengine. Watoto wanapiga.

Maswali:
- Je, mama alikosea kukasirika? Kwa nini?
- Kwa nini alitaka mafunzo yafanyike uani?
- Kwa nini alisema atamlipa mzee?
- Ungekuwa wewe mzee, ungekubali kuja?

Kiongozi asimlaumu mama wala kuruhusu kikundi kimcheke. Aliyepoteza mtu haamriwi kusahau. Mambo mawili yafaa kuonekana wazi. La kwanza, imani hujengwa hadharani, kwa mwendo wa yule aliyeumizwa. La pili, ni malipo. Katika sehemu nyingi za nchi za Maziwa Makuu Batwa husifiwa kwa ngoma, huitwa kwenye sherehe, kisha hula kando au huondoka bila kitu. Kumpigia mtu makofi na kumnyima sahani bado ni dharau.

8. MIKUTANO MINNE

Mkutano wa kwanza: Kusikiliza. Kabla ya kuja, kila mtoto aulize nyumbani: Nani katika ukoo wetu alipiga ala? Ipi? Nani alimfundisha? Kwenye mkutano kila mmoja aeleze kwa dakika mbili. Kiongozi aandike majina ya ala ubaoni kwa lugha zote zitakazotajwa: Kiluba, Kitabwa, Kiholoholo, Kitwa, Kibembe, na nyinginezo. Wajadili: ni ala zipi zimetajwa na zaidi ya jamii moja?

Mkutano wa pili: Kutengeneza. Mwalikeni fundi wa kisanji na mlipe kama fundi yeyote. Leteni ubao mkavu, spoku za baiskeli zilizopondwa upande mmoja, na vipande vya chuma vya kushikiza. Watoto wafanye kazi wawili wawili, mkubwa na mdogo, ikiwezekana kutoka nyumba mbili tofauti. Mkubwa ndiye ashike nyundo.

Mkutano wa tatu: Yaya na mdogo. Kila yaya amfundishe mdogo asiyekuwa wa nyumba yao sauti fupi ya kwao, kwa sikio tu. Kisha mdogo arudi kumfundisha yaya wake wa nyumbani. Hapa mdogo anakuwa mwalimu. Zoezi hili ndilo moyo wa somo, msiliruke.

Mkutano wa nne: Kupiga mbele ya wazazi. Kabla ya kila wimbo mtoto aseme: "Wimbo huu nilifundishwa na fulani, wa jamii fulani." Baada ya hapo wote wale pamoja, kwenye sahani za aina moja, mahali pamoja. Kikundi kisichoweza kutoa chakula cha kutosha kigawe hata mihogo na chai, mradi wote wapate sawa.

9. TAHADHARI KWA KIONGOZI

- Msitumie nyimbo za vita au za kuwacheka watu wengine, hata kama ni za zamani na zinapendwa.
- Ziko ngoma na nyimbo za mila ambazo si za kila mtu kupiga. Waulizeni wazee kwanza.
- Msimlazimishe mtoto kueleza aliyoyaona wakati wa mapigano. Akianza kueleza mwenyewe, msikilizeni kwa upole, kisha mzungumze na mzazi wake.
- Wasichana wapewe ala, wasiachiwe kupiga makofi tu.
- Msiwaahidi wazazi kwamba muziki utaleta amani. Ardhi, shule, kodi na haki vina mahali pake pa kujadiliwa: kwenye baraza, kwa chifu, na serikalini. Mwaka 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda haki za Batwa na jamii nyingine za asili. Watu wazima wa kikundi wanaweza kuomba waelezwe yaliyomo. Mtoto anayejua kisanji cha jirani bado anahitaji jirani huyo apate shamba na mtoto wake apate dawati.

10. MASWALI YA KUFUNGA

- Taja sauti moja ambayo kwako ni ya furaha lakini kwa jirani inaweza kuwa ya hofu. Unaweza kufanya nini?
- Ni neno gani unalotumia nyumbani ambalo ni jina la watu lakini limefanywa tusi? Nani alikufundisha? Nani amejifunza kutoka kwako?
- Mdogo wako akiwa mkubwa kama wewe, ungependa aseme nini juu ya yule aliyemfundisha kupiga?

Ndugu msomaji, ukifundisha somo hili usitafute matokeo makubwa wiki ya kwanza. Angalia jambo dogo: mwezi ukiisha, je, yuko mtoto mmoja anayepita uani kwa jirani bila kutumwa, kwa sababu tu kuna wimbo hakuumaliza? Akiwepo, mwite mdogo wake aende naye.